Siku Aliyopimwa Mama

Nataka ieleweke mapema kwamba sikushawishiwa na mwanamume. Nilikuwa nimekata shauri tangu Jumatatu, pale mama alipolikunja gauni langu la kijani na kuliweka chini kabisa ya sanduku, mahali pa nguo ambazo hazitatoka karibuni.

"Tanga tunakaa siku ngapi?" nilimuuliza.

"Za kutosha."

"Za kutosha kufanya nini, mama?"

Akaikaza kamba ya sanduku kwa goti. "Za kukuoza, Zuena. Unaolewa na binamu yako Haji. Mjomba wako Matano ameshaalika watu. Ijumaa tunapanda ndege mpaka Arusha, halafu basi, na wiki ijayo, Mungu akipenda, wewe ni mke wa mtu."

Hivyo ndivyo nilivyopewa habari ya ndoa yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimemaliza darasa la nane, najua kuandika uzito wa shehena nzima bila kufuta hata mara moja, na mama yangu mzazi alinitajia mume wangu huku amepiga goti juu ya sanduku.

Haji hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mlevi au mpigaji ningelia nikaonewa huruma na mtaa mzima. Lakini wapi! Haji alikuwa karani wa posta, anaswali, ana nyumba ya bati na redio. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba hakuwa Tluway.

Inosenti Tluway alikuwa Mwiraqw wa Endabash, Mkristo, mtoto wa wakulima, naye ndiye aliyekuwa mpakiaji na mpimaji wa kampuni ya ndege pale Karatu. Nasema kampuni, lakini ilikuwa ndege moja ya viti sita, mapipa ya mafuta, kibanda cha bati, na rubani wake, Mgiriki mmoja wa Oldeani ambaye sote tulimwita Kapteni. Ndege ilikuja Jumanne na Ijumaa. Ilipeleka Arusha pareto, barua, watalii waliokwisha shiba simba wa Ngorongoro, na wagonjwa waliobebwa kwa machela kutoka Kakesio. Baba yangu, Mzee Seif, ndiye wakala. Tiketi aliziuza dukani, hapo hapo kwenye sukari na mafuta ya taa.

Kapteni alikuwa na sheria moja: asiyepimwa hapandi. Uwanja wetu uko juu, hewa yake nyepesi, na masika nyasi zikilowa ndege hukimbia kwa shida kama mtu aliyevaa viatu vya matope. Kwa hiyo kila kilichopanda kilipita kwanza kwenye mizani kubwa ya magunia ya baba, watu kwa mizigo. Padri alipimwa. Mke wa daktari alipimwa na mkoba wake. Mimi niliajiriwa baada ya wanawake watatu wa mjini kurudi nyumbani kwa hasira, wakisema hawatajwi uzito na mwanamume. Hao niliwapima mimi. Wengine wote aliwapima Tluway. Alisukuma kile chuma cha mizani, akataja namba kwa sauti, mimi nikairudia na kuiandika.

Ndivyo tulivyopendana. Msicheke. Mtu akikutazama machoni mara thelathini kwa siku kuhakikisha umemsikia sawasawa, na akafanya hivyo miaka miwili, wewe utafanyaje?

Siku moja ya mvua ndege haikuja. Akaniambia nipande mizani.

"Nani anasafiri?" nikamuuliza.

"Hakuna. Nataka kujua tu."

Nikapanda. Akakisukuma kile chuma polepole, polepole mno, na mimi nikatazama mikono yake nikasahau kupumua. "Ratili mia moja na kumi na nne," akasema, wala hakuisema kwa sauti ya kazi. Nikairudia. Hatukuiandika popote. Tangu siku hiyo nilijua, na yeye alijua, na tulikuwa tunangoja mavuno ili wazee wake waje nyumbani kwa utaratibu.

Basi Jumatano nilimfuata uwanjani. Nilimkuta ameketi juu ya pipa, anashona gunia la pareto.

"Ijumaa napandishwa ndege," nikamwambia. "Naenda kuozwa."

Sindano ikasimama. "Umesema nini kwa mama yako?"

"Mimi nimekuja kusikia wewe unasema nini."

"Ni mama yako, Zuena. Nikimsimamia mbele nikabishana naye, nitakuwa nani kwake baadaye? Kwetu mtu habishani na..."

"Kwenu, kwenu! Kwenu mnawapakia wachumba wenu kama pareto?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema kitu! Hilo ndilo tatizo lako, Tluway. Mwanamume mzima, mabega kama mlango, mdomo umeshonwa kwa sindano ya magunia!"

Akainuka. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko nilivyotegemea. "Unataka nikuibe? Sema neno, nikuibe leo hii. Nina mjomba Mbulu atatupokea. Lakini utaishi maisha yako yote unapita mbali na mlango wa mama yako, na mimi sitaki kukuoa namna hiyo. Nataka niingie kwenu kwa mlango wa mbele."

"Mlango wa mbele unafungwa Ijumaa saa tatu asubuhi," nikasema, nikaondoka bila kuaga. Nililia njia nzima mpaka dukani. Yalikuwa machozi ya hasira, na naomba yaitwe kwa jina lake.

Mpango wangu ukawa huu. Nitavaa, nitakwenda uwanjani kama mtoto mtiifu, na nikifika chini ya bawa la ndege nitasema sipandi. Nilipachagua hapo makusudi, kwa sababu baba hapigi kelele mbele ya mgeni. Nyumbani angenifungia chumbani na kunitoa wakati wa safari. Tluway akisema, asiposema, mimi sipandi.

Ijumaa kulikucha na ukungu, halafu ukaanza kunyanyuka upande wa Ngorongoro. Barabara ya Mto wa Mbu ilikuwa imekatika wiki ya pili sasa, malori yamelala kwenye matope, na ndiyo maana mama yangu, ambaye aliapa kwamba chombo kile hataingia akiwa hai, alikuwa amesimama uwanjani amevaa buibui jipya na ananukia udi mpaka kwenye mapipa ya mafuta.

Niambieni, nimwelezeje mama yangu? Bi Hamisa alikuwa mwanamke mkubwa. Mkubwa kwa mwili, mkubwa kwa sauti, na mtaani hapakuwa na harusi wala msiba ulioendeshwa bila yeye. Alipotembea watu walimpisha.

Nikanyoosha mkono kuchukua daftari kama kawaida yangu. Baba akalisogeza pembeni.

"Leo huligusi. Leo wewe ni abiria."

Tluway alikuwa amesimama kwenye mizani. Hakuniangalia. Nami sikumwangalia, yaani nilimwangalia kwa jicho moja tu.

Abiria mwenzetu alikuwa Mzee Ngoyai, Mmasai wa Olbalbal, anakwenda Arusha kutazamwa jicho. Akapanda mizani na fimbo yake.

"Mia moja na thelathini," Tluway akataja. "Pamoja na fimbo. Mzee, fimbo tuipime mbali?"

"Fimbo ni mimi," akasema Ngoyai, akateremka.

Baba akaandika. Kisha nikaitwa mimi. Nikapanda na viatu vyangu vya safari. Tluway akasukuma chuma, akakirudisha nyuma kidogo, akakirudisha tena.

"Mia moja na kumi," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Umepungua."

"Taja namba," baba akamkata. "Mengine hayaandikwi humu."

Nilishuka. Ratili nne, na nilidhani hakuna mtu nyumba nzima aliyeona kwamba sili.

"Mama sasa, upesi upesi," Kapteni akasema huku anatazama angani. Alikuwa na Kiswahili chake cha mashambani, lakini mtu aliyekubishia kwa Kiswahili hicho hukuweza kumshinda. "Mawingu narudi."

Mama akakusanya buibui, akashika bega langu, akainua mguu mmoja kuuweka kwenye mizani.

Hapo Tluway akaondoa mkono wake kwenye kile chuma. Akarudi nyuma hatua tatu. Akavua kofia, akageuka, akampa mama mgongo, akasimama ameelekea milima ya Ngorongoro kama mtu anayeomba.

Mama akabaki na mguu hewani.

"Nini?" Kapteni akauliza. "Mizani nakufa?"

"Mizani nzima, Kapteni," Tluway akajibu bila kugeuka.

"Basi pima mama."

"Siwezi."

"Huyu kijana ana nini?" Mama akaushusha mguu, na sauti yake ikapanda. "Ananionaje? Anaona nitaivunja mizani?"

"Hapana, mama. Hayo sikuyasema wala sikuyafikiri."

"Kama hukufikiri, geuka unipime!"

"Siwezi kukupima, mama. Na siwezi kutaja uzito wako mbele za watu. Nisamehe."

Kapteni akarusha mikono. "Jumanne wewe napima mke ya daktari! Sasa hivi napima huyu msichana! Mama yeye iko nini? Bila namba yake ndege hapana ruka!"

Hapo ndipo Mzee Ngoyai alipoanza kucheka. Alicheka taratibu, jicho lake bovu linatoka machozi, akaiegemea fimbo yake.

"Enkaputani," akasema. Akaona hatukuelewa, akatuonea huruma. "Mkwe. Huyu mama ni mkwe wake. Mimi mama mkwe wangu akija kwa njia hii, mimi napita majanini. Miaka mingi sana. Hata sura yake siijui vizuri. Huyu kijana anampa mama huyu heshima ya mkwe, na nyinyi mnampigia kelele."

Nilisikia bati la kibanda likilia kwa jua. Baba akalifunga daftari, kidole chake kimebaki ndani.

"Tluway," akasema. "Mzee huyu anasema kweli?"

"Anasema kweli, Mzee Seif."

"Mkwe wako kwa nani? Mimi nina binti mmoja tu."

"Ndiyo, mzee. Huyo huyo."

Wallahi, sijawahi kusikia maneno matamu kuliko hayo, na yalisemwa na mgongo. Mtu niliyemtukana Jumatano kwamba mdomo wake umeshonwa! Nikashika nguzo ya mizani nisije nikaketi matopeni na viatu vyangu.

"Posa umeleta lini?" baba akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo mbaya kwa baba. "Mimi sijaiona. Hamisa, wewe umeiona?"

"Sijaleta," Tluway akasema. "Nilisubiri mavuno ili nije na mikono yenye kitu. Nimechelewa, kosa ni langu. Lakini leo nikimpandisha mama kwenye mizani nikamtangaza, kesho nitakuja mlangoni kwake na uso gani? Ndiyo maana siwezi, mzee. Nifukuze kazi, lakini siwezi."

"Kesho huji popote. Binti yangu ana mchumba Tanga, mtoto wa mjomba wake, neno limeshatoka. Wewe ni Mwiraqw, ni Mkristo, kwenu mnaweka pombe ya mtama kwenye kila shughuli. Utakuja kwangu kufanya nini? Utasilimu?"

Niliogopa swali hilo kuliko yote. Niliogopa atasema ndiyo haraka haraka, kama mtu anayeahidi ili apite. Niliogopa pia atasema hapana.

"Mzee, hilo lina Mungu ndani yake, na lina mama yangu Leonida ndani yake, aliyenibeba kanisani mgongoni," Tluway akasema. "Nalifikiri kila siku tangu mwaka jana. Jibu nitakuletea kwa mdomo wangu, nimeketi kwenye mkeka wako, na wewe utaniuliza mpaka uridhike. Lakini sitalijibu hapa kwenye mizani ya magunia, ndege inangoja. Nikikujibu hapa nitakuwa nimekudanganya, hata nikisema kweli."

Nadhani baba alitafuta kosa kwenye maneno hayo asilipate, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Zuena!" akaita. "Panda ndege. Mama yako atapimwa na Kapteni mwenyewe."

"Baba, sipandi."

Nilisema. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno lile siku nne, kitandani, jikoni, bafuni, na lilipotoka lilikuwa dogo kuliko nilivyolizoea. Nikalirudia. "Sipandi, baba. Na si kwa sababu ya huyu aliyetupa mgongo. Nilikata shauri Jumatatu."

"Unanivunjia heshima mbele za watu?"

"Nakuheshimu mbele za watu. Ndiyo maana nasema hapa, nisije nikasema kule. Nikifika Tanga, siku ya ndoa nitaulizwa kama nimeridhika. Ni lazima niulizwe, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Na mimi nitajibu hapana. Nitajibu kwa sauti hii hii, ukumbi umejaa, pilau ipo jikoni, mjomba Matano amevaa kanzu mpya. Je, utapenda nikuaibishe huko au hapa mbele ya Mzee Ngoyai peke yake?"

"Mimi sijaaibika," Ngoyai akasema. "Endeleeni."

Baba akaninyooshea kidole. "Usipopanda ndege hii, usikanyage nyumbani kwangu."

Nilijua atasema hivyo. Kulijua hakukunisaidia kitu. Nampenda baba yangu, na mkono ulioshika daftari lile ndio ulionishikisha kalamu mara ya kwanza.

"Basi nitakaa kwenye kibanda cha bati," nikasema, na sasa nilikuwa nalia, lakini sauti haikukatika. "Nitalala juu ya pareto. Kila Jumanne na kila Ijumaa ukileta abiria utanikuta, nitakusalimia shikamoo, na nitaandika uzito bila kufuta. Usiponiitikia, nitakusalimia tena Ijumaa inayofuata."

Tluway aligeuka nusu, akakumbuka mama yuko pale, akarudi kutazama milima. Masikio yake yalikuwa yamemwiva.

"Dakika kumi," Kapteni akasema, safari hii kwa upole. "Halafu mvua."

Sote tukamtazama mama. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu hakuwa amesema neno tangu Ngoyai aeleze, na mama kunyamaza ilikuwa jambo la kutisha kuliko ndege. Alikuwa anautazama ule mgongo wa Tluway, shati lake la khaki lililotiwa kiraka begani, kofia ameishika kwa mikono miwili.

"Seif," akasema, "unakumbuka harusi ya Mwamini kule kwa kaka yangu?"

"Hamisa, si wakati wa harusi ya Mwamini."

"Nilishuka kwenye basi Tanga, nimechoka, nimevaa kanga zangu mpya, wageni wote wapo barazani. Haji akatoka ndani. Hakusema shikamoo. Akapiga makofi akasema, 'Shangazi, umenenepa! Mlangoni utapita?' Watu wakacheka. Kaka yangu akacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Usiku ule nililala na kanga mdomoni nisisikike nikilia. Hata wewe sikukwambia."

"Alikuwa anatania. Ni kijana."

"Huyu naye ni kijana." Akamwonyesha Tluway kwa kidevu. "Karatu nimekaa miaka kumi na minane. Nimewapikia watu misiba yao, nimewazalishia watoto. Hakuna hata mmoja aliyenigeuzia mgongo kwa heshima. Wananipisha kwa sababu nitawakanyaga."

Hakuna aliyethubutu kucheka, hata Ngoyai.

"Umempa kaka yako neno," baba akamkumbusha, lakini hakuwa amekaza tena.

"Nimempa. Kwa hiyo ni mimi nitakayekwenda kumrudishia. Siwezi kumtumia barua, atafikiri nimerogwa. Nitaketi mbele yake, atanitukana, nitatukanika. Ni kaka yangu, haitakuwa mara ya kwanza." Akainua buibui. "Zuena, acha kulia ovyo. Njoo unipime."

Nilikwenda mbio, na kile chuma cha mizani kilinitoka mikononi mara mbili kabla hakijatulia. Mama alisimama wima, mikono imeshikana tumboni, macho amefumba.

"Ngapi?"

Nikamnong'oneza sikioni.

"Mwongo wewe."

"Wallahi, mama."

"Ni zawadi za kaka yangu nilizofunga buibuini, udi na zile ndizi za kukausha," akasema, akashuka. "Andika. Usiitaje."

Nikamnyooshea baba mkono nikiomba daftari. Tulisimama hivyo, mkono wangu hewani, na niliamua hautashuka hata jua likizama. Baba akatazama mkono, akamtazama mama ambaye tayari alikuwa anaelekea kwenye ndege, akanipa daftari. Hakunipa kwa kupenda. Alinipa kama mtu anayelipa faini.

Niliandika uzito wa mama. Kisha nikapiga mstari juu ya jina langu, mstari mmoja ulionyooka.

"Nafasi ya msichana, mimi nachukua gunia mbili ya pareto," Kapteni akasema haraka. Huyo alikuwa mfanyabiashara, msimlaumu.

Tluway akapakia magunia akizunguka upande wa mkia wa ndege, mbali kabisa na mlango alioketi mama. Lakini mama alimwita.

"Wewe! Simama hapo hapo. Usigeuke kama hutaki, masikio hayageuki. Narudi Ijumaa ya wiki mbili. Nikirudi nataka nisikie wazee wako wameshafika, wamekaa, wamesema. Nikikuta bado unangoja mavuno, binti nampeleka Tanga mwenyewe kwa miguu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Na yale maneno ya mume wangu kuhusu dini usiyachezee. Mimi nayasema kwa upole, lakini nasema yale yale."

"Siyachezei, mama."

Kapteni akafunga mlango. Injini ikawaka, nyasi zikalala, kanga yangu ikataka kuondoka na upepo. Ndege ilikimbia uwanja mzima, ikakimbia tena mpaka nikauma vidole, kisha magurudumu yakaacha majani na mama yangu akaondoka ardhini amefumba macho, nina hakika, anamsomea Mungu kila aya anayoijua. Alikuwa anakwenda kutukanwa kwa ajili yangu. Nilitaka kumkimbilia nimwambie arudi, na nilitaka afike salama, vyote viwili kwa moyo mmoja.

Tulibaki watatu uwanjani. Baba, mimi na Tluway. Wala Tluway hakunisogelea, wala mimi sikumsogelea. Alinitazama tu, usoni hasa, kwa mara ya kwanza siku ile, na mimi nikamtazama mpaka baba akakohoa.

Mizani ilikuwa ya duka na ilitakiwa dukani kabla ya mvua. Kwa kawaida ilibebwa na watu wanne. Baba akashika upande mmoja. Tluway akashika wa pili. Mimi nikafuata nyuma na daftari, natembea juu ya nyayo zao kwenye matope.

Tulikwenda hivyo mpaka karibu na kanisa.

"Mimi sijakubali," baba akasema, anatazama mbele.

"Nimesikia, mzee."

"Mke wangu ana huruma. Mimi sina."

"Ndiyo, mzee."

"Wakija wazee wako nikawarudisha?"

"Watakuja tena."

"Nikiwarudisha mara ya pili?"

"Nitawaambia wabebe chakula, maana Endabash ni mbali. Lakini watakuja."

Baba akabadilisha mkono. Alikuwa anahema, mizani inamlemea, jasho linamtiririka chini ya kofia yake. Nilimhurumia nikataka kumpokea, nikajua hatakubali. Tukatembea tena. Paa la duka letu lilikuwa limeanza kuonekana.

"Ni wangapi hao wazee?"

"Watatu. Na mama yangu."

"Jumapili," baba akasema. "Waje baada ya alasiri. Asubuhi duka linajaa watu."

Tluway akasimama ghafla katikati ya njia, mizani ikayumba, nusura imwangukie miguuni.

"Tembea, bwana," baba akamwambia. "Ni nzito."